MFUNZE MTOTO WA MBWA KABLA HUJAMTOA

Wewe unayekaa Bumbire unaijua asubuhi ya mwaloni. Mitumbwi imerudi. Taa zimezimwa. Wavuvi wamechoka na wanataka kulala. Kina mama wanapokea dagaa, wanawaosha na kuwaanika. Wengine wanaanika juu ya chanja. Wengine wanaanika juu ya nyavu zilizotandikwa chini. Wengine bado wanaanika juu ya mchanga wenyewe. Jua likiwaka vizuri, jioni dagaa wamekauka. Fedha ya sare za watoto imepatikana.

Sasa mbwa anapita hapo. Ananusa huku na huku. Anazunguka mara mbili. Kisha anachuchumaa katikati ya dagaa. Je, utafanya nini?

Najua utafanya nini. Utaokota jiwe. Hata mimi niliwahi kuokota jiwe. Lakini leo nataka tuulizane swali jingine. Ni nani aliyemfundisha mbwa yule kwenda haja mahali pale?

Utasema: "Hakuna aliyemfundisha. Mbwa ni mbwa tu."

Mimi nasema sivyo. Mbwa yule alifundishwa. Alifundishwa akiwa mdogo sana, kabla hajamjua bwana wake wa sasa. Kwa maoni yangu, mtu wa kwanza anayepaswa kumfunza mbwa usafi si yule anayemnunua au kupewa. Ni yule mwenye mama yake. Na mtu huyo asimtoe mtoto wa mbwa kwake mpaka amemwonyesha mahali pa kwenda haja.

Nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

YALIYONIPATA MIMI

Miaka kadhaa iliyopita nilitaka mbwa wa kulinda nyavu zangu. Nilikwenda katika kambi moja ya wavuvi. Kijana mmoja pale alikuwa na mbwa jike aliyezaa. Akanipa mtoto mmoja bila kudai hata senti. Nilifurahi sana.

Mtoto yule alikuwa na umri wa wiki 5 hivi. Alizaliwa chini ya mtumbwi mbovu, juu ya mchanga. Yeye na ndugu zake walizungushiwa mabati ili wasipotee. Walikula humo. Walilala humo. Walikwenda haja humo humo. Hakuna mtu aliyeondoa uchafu wao. Mimi niliona hayo yote kwa macho yangu, wala sikuona ubaya wowote.

Mbwa akakua. Akawa mlinzi hodari. Usiku hakuna mtu aliyethubutu kugusa nyavu zangu. Lakini kila alfajiri, nikimfungua, alikimbilia mchangani. Huko ndiko alikokwenda haja. Nilimpiga. Nilimfokea. Haikusaidia kitu.

Siku moja alichafua dagaa wa jirani yangu. Jirani huyo ni mama mjane. Alikuwa ameanika ndoo 4. Mnunuzi kutoka bara alikuwa amesimama pale pale. Aliona yote. Akawakataa dagaa wote, si wale waliochafuliwa tu. Alisema: "Kama nimeona hapa, je, kule nisikoona?"

Sikuwa na jibu. Nilimlipa mama yule nusu ya hasara yake. Nusu nyingine sikuwa nayo wakati ule. Tulikaa miezi mingi tukisalimiana kwa shida.

Na mbwa? Vijana wa mwaloni walimpiga mawe mpaka akafa. Alikuwa na umri wa miezi 7.

Baadaye nilikwenda kwa bibi mmoja wa kijiji chetu. Bibi huyo hufuga mbwa kwa miaka mingi, na mbwa wake hawana lawama. Nilimwamkia, nikamweleza habari yangu. Nikamwambia kwamba nilipewa mbwa asiyefundishika.

Bibi akacheka kidogo. Akasema: "Mwanangu, wewe ulipewa mbwa aliyekwisha kufundishwa. Alifundishwa vibaya."

Maneno hayo sijayasahau. Ndiyo yaliyonifanya niandike ukurasa huu.

MBWA HUANZA NA USAFI

Wengi wetu hudhani kwamba mbwa ni mchafu kwa asili yake. Si kweli. Tazama kwa makini mbwa jike aliyezaa nawe utaona.

Katika wiki 2 za mwanzo, mtoto wa mbwa haoni, hasikii, na hawezi kutembea. Macho yake hufunguka akiwa na siku 10 hadi 14 hivi. Hata haja hawezi kwenda mwenyewe. Mama yake humlamba tumbo na sehemu za nyuma ndipo haja itoke. Kisha mama huulamba uchafu wote. Kwa hiyo malazi ya watoto hubaki makavu. Huyo mama ndiye mwalimu wa kwanza wa usafi.

Ikifika wiki ya 3, mtoto huanza kusimama na kujikongoja. Sasa anaweza kwenda haja bila kulambwa. Hapo utaona jambo la ajabu. Mtoto yule, ambaye bado anayumba kama mlevi, hujivuta kutoka kwenye malazi yake. Huenda pembeni kidogo, hujisaidia, kisha hurudi kulala. Hakuna mtu aliyemwambia. Hapendi tu kulala penye uchafu.

Hiyo ndiyo mbegu. Mungu ameshaipanda. Kazi ya mwenye mbwa ni kuipalilia.

Lakini mtoto akifungiwa mahali padogo asipoweza kutoka, atafanya nini? Atajisaidia pale pale anapolala. Siku ya kwanza atalia. Siku ya pili atanyamaza. Baada ya wiki mbili tatu ataona kwamba kulala juu ya uchafu ni jambo la kawaida. Mbegu imekufa. Nani ameiua? Si yule atakayemnunua. Yeye hata hajafika. Ameiua mwenye mama.

MBWA HUJIFUNZA KWA NYAYO ZAKE

Kuna jambo la pili, nalo ni muhimu sana kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa.

Mbwa hachagui mahali pa kwenda haja kwa pua peke yake. Huchagua pia kwa nyayo za miguu. Tangu wiki ya 5 hivi, mtoto wa mbwa huanza kupenda aina moja ya ardhi. Mpaka wiki ya 8 au ya 9, mapenzi hayo huwa yamekwisha kushika. Aliyezoea majani, hutafuta majani. Aliyezoea udongo, hutafuta udongo. Na aliyezoea mchanga, hutafuta mchanga.

Sasa waona kosa langu. Mbwa wangu alizaliwa juu ya mchanga, akajisaidia juu ya mchanga mpaka wiki ya 5. Kwake yeye, mwalo mzima wa Bumbire ulikuwa choo! Wala hakujua kwamba kwetu mchanga ule ni meza ya kuanikia chakula. Nani angemwambia?

Tusiwafunze basi watoto wa mbwa juu ya mchanga. Je, tuwafunze juu ya nyasi? Hapo pia tufikiri. Sisi Wahaya tuna desturi ya kutandika nyasi ndani ya nyumba. Mbwa aliyefunzwa juu ya nyasi ataingia sebuleni, atasikia nyasi chini ya miguu yake, naye ataona amefika chooni. Mgeni wako naye atakuwa ameketi hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Wafunze juu ya udongo uliolegea, kama ule wa shambani. Udongo huo haupo mwaloni. Haupo sebuleni. Uko nyuma ya nyumba.

WENGINE WAMEYAONA HAYA

Usidhani haya ni mawazo ya kisiwani petu tu. Katika mji wa Bar Harbor, huko Marekani, wataalamu wawili walichunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi. Majina yao ni John Paul Scott na John Fuller. Walichapisha kitabu chao mwaka 1965. Walionyesha kwamba siku za kumzoeza mbwa mambo ya watu ni chache, nazo huanza mapema. Huanza wiki ya 3 hivi na huelekea kwisha wiki ya 12 hivi. Katika uchunguzi mmoja uliofanyika huko, watoto wa mbwa walikaa bila kuzoeana na watu mpaka wiki ya 14. Watoto hao waliwaogopa watu kama wanyama wa porini.

Hesabu mwenyewe. Kama siku hizo huanza wiki ya 3, na mtoto hutolewa wiki ya 8, basi wiki 5 zote za mwanzo ziko mikononi mwa mwenye mama. Mnunuzi huletewa mabaki tu.

Tena tuna mfano hapa hapa Tanzania. Shirika la APOPO liko Morogoro, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000. Hapo hufunzwa panya buku. Panya hao hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wengine hunusa ugonjwa wa kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja, jina lake Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa kufanya kazi Kambodia. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza.

Je, mafunzo yao huanza lini? Huanza wakiwa na umri wa wiki 4 au 5 hivi. Hapo huanza kuzoezwa kushikwa na watu, kusikia sauti na kukutana na mambo mapya. Wakifanya vizuri hupewa chakula wanachokipenda, kama ndizi na karanga. Wanaowazalisha ndio wanaoanza kuwafunza. Hawangoji panya akue kwanza.

Ikiwa panya anaweza kufunzwa akaokoa maisha ya watu, je, mbwa atashindwa kujua mahali pa kwenda haja?

FANYA HIVI

Ikiwa una mbwa jike, fuata hatua hizi. Hazina gharama.

1. Andaa mahali pa kuzalia. Pawe pakavu, pasipopigwa na upepo wa ziwani wala mvua. Tandika majani makavu ya migomba au gunia kuukuu. Yakilowa, yabadilishe siku ile ile.

2. Wiki 2 za mwanzo, mwachie mama kazi ya usafi. Wewe mlishe vizuri na umpe maji. Akikuruhusu, shika kila mtoto kwa muda mfupi kila siku, ili wazoee mikono ya watu.

3. Wiki ya 3, gawanya mahali pao sehemu mbili. Sehemu moja iwe ya kulala na kula. Sehemu ya pili iwe na udongo uliolegea wa shambani. Zungushia matete au fito. Watoto watatoka kwenye malazi wenyewe na kwenda kwenye udongo. Kila asubuhi ondoa kinyesi. Acha udongo kidogo wenye harufu ya mkojo, ili wakumbuke mahali pao.

4. Wiki ya 4 na ya 5, wapeleke nje. Chagua mahali nyuma ya nyumba. Pawe mbali na ziwa, mbali na kisima, mbali na jiko, mbali na bustani ya mchicha, na mbali na wanapocheza watoto. Mwaga hapo udongo kidogo kutoka kwenye boma lao. Wapeleke kila wanapoamka, kila wanapomaliza kula, kila wanapomaliza kucheza, na kabla ya kulala.

5. Tumia neno moja kila siku. Waweza kusema: "Shambani!" Neno liwe lile lile, na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo.

6. Mtoto akimaliza haja mahali pake, msifu papo hapo. Mpe dagaa mmoja. Usingoje mpaka mrudi nyumbani. Akipewa nyumbani atadhani amesifiwa kwa kurudi.

7. Usimtoe kabla ya wiki ya 8. Katika wiki hizo mama na ndugu zake humfunza mengi, hata kuuma bila kuumiza. Siku ya kumtoa, mweleze anayemchukua neno mnalotumia. Mpe pia udongo kidogo kutoka mahali pake, ndani ya kopo. Akiumwaga nyuma ya nyumba yake, mtoto atatambua harufu na kujua pa kwenda.

Mwisho wa hatua hizi mtoto hatakuwa amehitimu. Mtoto wa wiki 8 hawezi kujizuia usiku kucha. Atakosea mara kwa mara, hata kwa miezi kadhaa. Lakini mwenye kumpokea atakuwa anaendeleza somo. Hatakuwa anafuta somo baya ili aandike jipya. Wewe uliyejifunza kuandika ukubwani unajua tofauti ya mambo hayo mawili.

KUPIGA HAKUFUNDISHI

Baadhi yetu humchukua mtoto wa mbwa aliyekosea na kumsugua pua kwenye uchafu wake. Wengine humchapa. Tuache jambo hilo.

Mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na haja aliyokwenda asubuhi. Anachojifunza ni kimoja tu: kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa. Kesho atakwenda haja akiwa amejificha usimwone. Atajificha wapi? Chini ya kitanda, nyuma ya magunia, au mwaloni usiku. Umemfunza kuficha, hukumfunza usafi.

Ukimkuta anakosea, mwite kwa sauti, mbebe, mpeleke mahali pake. Akimalizia pale, msifu. Ukikuta amekwisha kukosea, safisha na unyamaze. Mahali hapo paoshe vizuri kwa maji na sabuni, harufu isibaki.

NI JAMBO LA AFYA PIA

Ndugu msomaji, tusiangalie fedha ya dagaa peke yake. Tuwaangalie na watoto wetu.

Watoto wa mbwa karibu wote huwa na minyoo. Huipata kwa mama yao, tangu tumboni na katika maziwa. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi, nayo hayaonekani kwa macho. Hukaa ardhini miezi mingi. Mtoto wako akichezea udongo huo na kutia mkono mdomoni, huyameza. Viluwiluwi vya minyoo vyaweza kufika kwenye ini, kwenye mapafu, hata kwenye jicho. Tena ipo minyoo ya mbwa inayopenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Huacha mistari inayowasha sana.

Lakini ipo habari njema. Mayai ya minyoo ile ya kwanza hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki kadhaa ardhini kwanza. Kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku na kutupwa katika choo cha shimo, hatari hupungua sana. Na utakiondoaje kila siku kama hujui kiko wapi? Mbwa anayekwenda mahali pamoja hukurahisishia kazi. Mbwa anayekwenda popote hukushinda.

Mwone pia bwana mifugo upate dawa ya minyoo. Watoto wa mbwa huanza kupewa wakiwa na wiki 2, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 katika miezi ya mwanzo. Muulize na habari za chanjo ya kichaa cha mbwa. Utaona faida nyingine hapo. Mbwa aliyezoea kushikwa tangu utotoni hushikika siku ya chanjo. Asiyezoea hukimbia, na asiyechanjwa ni hatari kwa kijiji kizima.

WANAOPINGA

Najua wapo watakaopinga maneno yangu. Tuwasikilize.

Wa kwanza atasema: "Mbwa wangu hulala nje. Kwa nini nimfunze choo?" Nami nitamjibu: Nje ya nyumba yako ni wapi? Bumbire ni kisiwa. Nje ya kwako ni uani kwa jirani. Ni njia ya watoto kwenda shule. Ni mwalo wetu sote. Wapo pia ndugu zetu Waislamu, ambao dini yao huwataka wajisafishe wakiguswa na mate ya mbwa. Mbwa asiye na mipaka huharibu ujirani.

Wa pili atasema: "Sina wakati. Usiku niko ziwani, mchana nalala." Hiyo ni kweli. Uvuvi unachosha. Lakini tufanye hesabu. Kuwapeleka watoto nje huchukua dakika 5. Ukifanya hivyo mara 6 kwa siku, ni nusu saa. Kazi hiyo hudumu wiki 4 au 5 tu. Mke, mume na watoto wakigawana, hakuna atakayeelemewa. Ila isiwe kazi ya mama peke yake. Kama mbwa analinda nyavu za baba, baba naye ashike kopo na kuondoa kinyesi.

Wa tatu atasema: "Mimi nawatoa bure. Anayepewa bure hachagui." Ndugu yangu, mimi nilipewa bure. Jirani yangu alipoteza mapato ya ndoo 4 za dagaa. Mimi nilipoteza fedha na mlinzi. Tulipoteza salamu. Mbwa alipoteza uhai. Je, kitu hicho kilikuwa bure?

Na tukumbuke jambo moja zaidi. Mbwa anayechafua hutupwa. Huko bara, mbwa aliyetupwa huweza kwenda mbali. Hapa kisiwani ataenda wapi? Atarudi mwaloni. Atakula vichwa vya samaki, atazaa juu ya mchanga, na watoto wake watajifunza mchangani. Mwaka unaofuata tutakuwa na mawe mengi zaidi mikononi na dagaa wachafu zaidi kwenye nyavu.

TUKUBALIANE

Mimi si mtu wa kutunga sheria. Lakini naona inafaa wenye mbwa wa kila kitongoji wakae na kukubaliana mambo mawili.

Kwanza, asiwepo mtu wa kutoa au kuuza mtoto wa mbwa chini ya wiki 8.

Pili, kila anayetaka mbwa aulize maswali matatu kabla hajampokea. Amelala wapi? Amekwenda haja wapi? Neno lake ni lipi? Mwenye mbwa akishindwa kujibu, mwachie mbwa wake. Wakikosa wa kuwachukua, nao watajifunza.

Chanja nazo tuendelee kuzijenga. Dagaa walioanikwa juu ya chanja hukauka vizuri, hawana mchanga, na mbwa hawafikii. Lakini chanja hazitoshi peke yake. Watoto wetu hawachezi juu ya chanja. Wanacheza chini.

Wazee wetu walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Sisi wa ziwani tunaujua ukweli wa maneno hayo kuliko watu wengine. Dagaa mbichi hukunjika utakavyo. Dagaa mkavu ukimkunja, huvunjika.

Mbwa wangu nilimpokea amekwisha kukauka, nami nikajaribu kumkunja. Ndugu msomaji, wewe uliye na mbwa jike nyumbani leo, watoto wake wangali wabichi. Wako mikononi mwako.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mwandishi anasema mbwa wake "alifundishwa vibaya"?

2. Kwa nini si vizuri kumfunza mtoto wa mbwa kwenda haja juu ya mchanga? Je, katika kitongoji chako, udongo wa kufaa uko wapi?

3. Nani alaumiwe zaidi kwa hasara ya mama mjane: mwandishi, au kijana aliyemtoa mbwa? Toa sababu.

4. Kinyesi cha mbwa kikiondolewa kila siku, kuna faida gani kwa watoto wetu?

5. Je, unakubali kwamba kitongoji kikatae watoto wa mbwa walio chini ya wiki 8? Andika sentensi 5 ueleze maoni yako.